Chupa ya pojo zilizoota na dawa za mama

*"Salaam daktari. Tunaishi Bamburi, Mombasa, na mamangu, ana miaka 67. Ana sukari mwaka wa 9 huu, anakunywa metformini na glibenklamidi, na mwaka jana damu iliganda mguuni akaanzishiwa warfarini. Tunaye pia mdogo wangu, ana mimba ya miezi 5. Tangu mwezi uliopita naotesha pojo na uwatu kwenye chupa jikoni, tunakula mbichi na kachumbari. Kwenye trei nimepanda haradali na mchicha vya kukatwa vikiwa vichanga. Nimeona video inasema chipukizi zina virutubisho mara 40 kuliko mboga za kawaida, na kwamba zile za brokoli zinaua saratani na kumaliza sukari. Kuna muuzaji ananishauri ninunue unga wake wa chipukizi za brokoli, kopo shilingi 3,500, halafu mama apunguze tembe polepole. Mama kafurahi, maana kachoka na dawa. Lakini wiki jana pojo zilitoa harufu, na mizizi ya haradali imeota kitu cheupe kama pamba. Niendelee? Na ni kweli zikipikwa hazina faida tena?"*

Wa alaykumu salaam, dadangu. Hilo jina la daktari nalirudisha kwa wenyewe. Mimi ni mtaalamu wa lishe, kazi yangu ni kilichomo sahanini, na jambo likifika kwenye tembe namrudishia aliyeziandika. Ndiyo maana naanza na tembe. Mama asiache wala asipunguze hata moja kwa sababu ya chipukizi, unga au video. La pili ni hizo pojo na uwatu vinavyoliwa vibichi: mama na mdogo wako waviache leo. Sababu nitazieleza. Hayo yakishakaa mahali pake, mengine tunaweza kuyazungumza kwa utulivu, kwa kuwa hukukosea kukipenda chakula hiki. Ni chakula kizuri, sifa zake tu ndizo zilizotiwa chumvi nyingi.

Wauzaji wanakizungumzia kama kitu kilichoshuka bandarini juzi, ilhali Kiswahili kina neno lake la zamani: kimea. Ni nafaka iliyolowekwa, ikaoteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walikitumia kulegeza uji wa watoto. Chukua uji mzito uliosimama kama ugali, ukiwa bado vuguvugu, utie kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Muda si mrefu unateremka kama chai. Hujaongeza maji hata tone. Ni kimeng'enya kilichoamka ndani ya mbegu ndicho kinachokata wanga vipande vipande. Kwa hiyo mtoto anapata unga mwingi kwenye uji anaoweza kuumeza.

Hilo linakueleza kinachotokea kwenye chupa yako. Mbegu kavu ni msafiri aliyelala na masurufu yake yamefungwa. Maji yakiingia, anaamka na kufungua mizigo. Protini inaanza kuvunjwa. Faiteti, ile kemikali inayoshika chuma na zinki visifyonzwe tumboni, inapungua. Sukari zinazofanya maharagwe na pojo zijaze watu gesi zinapungua pia, na hilo watu wa nyumba moja hulishukuru kuliko vitamini yoyote. Pojo kavu karibu hazina vitamini C kabisa, lakini zikiota zinaitengeneza wenyewe. Gramu 100 za pojo zilizoota, mbichi, zina miligramu 13 hivi.

Ila si kila kitu huongezeka, na hapa ndipo video nyingi zinapopotosha. Vitamini C ni kitu kipya, mmea unakitengeneza unapoota. Rangi za karoteni huongezeka mche unapoona mwanga, na ndiyo maana miche ya kwenye trei huishinda ile ya kwenye chupa iliyofunikwa. Kundi la tatu ni urithi: kemikali ambazo mmea mama alizipakia ndani ya mbegu tangu mwanzo. Hizo mche hauziongezi sana, unazipunguza ukali kadiri unavyonywa maji na kunenepa. Kemikali maarufu ya brokoli iko kwenye kundi hili la urithi. Chipukizi changa inayo nyingi kwa sababu bado ni karibu mbegu tupu.

Sasa "mara 40". Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipima aina 25 za miche michanga, ile inayouzwa kwa jina la maikrogrini, wakatazama vitamini C, E, K na karoteni. Wakiilinganisha na mboga iliyokomaa, kwa uzito uleule, walikuta tofauti ya kati ya mara 4 na mara 40, kutegemea aina ya mche na vitamini gani. Yule wa video akachukua namba ya juu kabisa akaipa kila mche na kila kirutubisho. Kingine alichokinyamazia ni kipimo. Kabichi nyekundu changa ndiyo iliyoongoza kwa vitamini C, miligramu 147 kwa gramu 100. Nani anakula gramu 100? Kile unachokata kwa mkasi na kukinyunyizia juu ya kachumbari ni gramu 10, ukijitahidi sana. Hapo umepata miligramu 15. Pera moja la ukubwa wa kawaida, lile linalooza chini ya mti wa jirani, lina zaidi ya miligramu 100. Sikukatazi trei yako. Nakuomba tu usiifanye ikakusahaulisha pera.

Na katika aina zile 25, mbili ni wenyeji wa jikoni kwetu. Mchicha mwekundu ulikuwa juu kwa vitamini K na dania ilikuwa juu kwa karoteni. Ishike hiyo vitamini K, nitairudia nikifika kwa mama.

Kuhusu saratani na sukari, kemikali yenyewe inaitwa sulforafani. Ilitambuliwa kwenye brokoli mwaka 1992 na kundi la Paul Talalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na mwaka 1997 wao hao walionyesha kwamba chipukizi za siku 3 zina chanzo chake mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa. Nimesema chanzo chake makusudi. Sulforafani haimo ndani ya mche ikikusubiri. Mche una kemikali moja iliyotulia, glukorafanini, na mahali pengine una kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Vimewekewa ukuta kati yao. Mdudu akiuma jani ukuta unavunjika, vinakutana, na papo hapo inazaliwa kemikali kali ya kumfukuza. Ni silaha ya mmea, basi. Sisi ndio mdudu.

Ukitaka kuisikia kazi hiyo ikifanyika, chukua punje kavu ya haradali uimeze nzima: huhisi kitu. Chukua nyingine uitafune polepole. Sekunde ya kwanza ni uchungu kidogo tu, halafu moto unapanda puani. Moto ule haukuwamo kwenye punje, umeuzaa wewe kwa meno. Kemikali ya haradali si sulforafani hasa, ni binamu yake, na figili ina yake, kabichi ina yake, hata mzunze, ambao wengi wanauita mlonge, una yake. Ukoo mmoja, mtambo mmoja. Ila utafiti mwingi umefanywa kwa ile ya brokoli, kwa hiyo anayekwambia haradali ina matokeo yaleyale anakisia.

Ikishaingia mwilini, sulforafani hufanya kama mchokozi mdogo. Seli zinaihisi kama tishio, zinawasha vimeng'enya vyake vya kusafisha sumu. Haibebi sumu yenyewe, inaamsha wafagiaji. Na si nadharia ya maabara tu. Huko Qidong, China, kwenye hewa chafu, watu 291 walishiriki jaribio la wiki 12. Waliokunywa kinywaji cha chipukizi za brokoli walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzini, sumu ya moshi, kwa wingi zaidi, asilimia 61 juu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Ni jambo la maana kwa mtu anayeishi kwenye moshi wa malori. Lakini lisome tena: walipima sumu inayotoka mkojoni. Hawakupima nani alipata saratani na nani hakupata. Kutoka hapo hadi "inaua saratani" ni safari ambayo hakuna aliyeimaliza bado.

Kwa sukari, mwaka 2017 watafiti wa Sweden waliwapa wagonjwa 97 wa kisukari cha aina ya 2 dondoo kali ya chipukizi za brokoli, au kifanani kisicho na kitu, kwa wiki 12. Walioshuka sukari ya asubuhi walikuwa hasa wale wanene ambao sukari yao ilikuwa haijadhibitiwa. Dozi ilikuwa kubwa, ungehitaji kilo za brokoli kila siku kuifikia. Na wengi wao waliinywa juu ya metformini yao. Hakuna aliyeambiwa apunguze. Muuzaji wako amechukua utafiti wa nyongeza ya dawa akaugeuza wa kuachishia dawa.

Swali lako la mwisho linanipa nafasi ya kukuonyesha kitu. Je, zikipikwa hazina faida? Kwa pojo, hapana, si kweli. Vitamini C inapungua kwa moto, ila protini, madini, nyuzinyuzi na ule wepesi tumboni vinabaki. Kwa ukoo wa kabichi na brokoli, moto mkali unaua mirosinasi, na bila kimeng'enya hicho mtambo unalala. Bakteria wa utumbo mpana hufanya sehemu ya kazi hiyo, kwa uvivu. Lakini kuna njia mbili za kuuzunguka moto. Ya kwanza, katakata kabichi au sukuma wiki uiache kwenye ubao dakika 40 kabla ya kupika, kemikali izaliwe kwanza, maana ikishazaliwa inavumilia jiko kuliko kimeng'enya. Ya pili ni ya kimaskini na mimi ndiyo naipenda: mboga ikishaiva na kuepuliwa, nyunyiza haradali mbichi iliyosagwa, robo ya kijiko cha chai. Haradali inaleta kimeng'enya chake kikafanya kazi ya kile kilichokufa. Jaribio la Uingereza la mwaka 2018 lilikuta waliokula brokoli iliyopikwa pamoja na unga wa haradali walifyonza sulforafani zaidi ya mara 4 kuliko waliokula brokoli iliyopikwa peke yake. Angalia tu, ile haradali inayokaangwa ikapasuka kwenye mafuta kwa ajili ya achari haifai kwa hili. Hiyo ni ya ladha.

Tuje kwenye chupa.

Pojo zinataka joto na unyevu ili ziote, na bakteria wanataka joto na unyevu uleule. Mombasa inavigawa vyote bure, usiku na mchana. Pojo zinazochukua siku 3 au 4 kwenye baridi ya Limuru, kwetu zinatoa mkia ndani ya saa 24. Bakteria wa kinyesi akipata hali nzuri anaweza kugawanyika kila dakika 20. Anza na mmoja saa moja asubuhi, hesabu hadi saa tisa alasiri: kwa hesabu ya karatasi, milioni 16. Na hawa walio hatari hawatoi harufu. Pojo zilizonuka zilikufanyia hisani, zilikwambia. Zinazonukia kama majani mabichi zinaweza kukunyamazia.

Bakteria hao mara nyingi huja na mbegu yenyewe, wamejificha kwenye nyufa za ganda tangu shambani au guniani. Kwa hiyo kuosha mara 3 kwa siku kunasaidia lakini hakuwatoi, na ndimu ya kachumbari haiwaui kwa uhakika. Mwaka 2011 Ujerumani, watu zaidi ya 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa kwa aina kali ya E. koli, bakteria wa kinyesi. Wakulima wa matango wa Hispania walisingiziwa kwanza, matango yakatupwa kwa matani. Uchunguzi ukaja kuishia kwenye chipukizi, na nyuma yake mbegu za uwatu. Ndiyo, uwatu huuhuu. Mwaka 1996 huko Sakai, Japani, maelfu ya wanafunzi waliugua baada ya chakula cha shule, na zilizoshukiwa zilikuwa chipukizi za figili. Nchi hizo zina maji safi na mashamba ya kisasa. Sisi wa maji ya mkokoteni na visima vya chumvi tusijione tuna kinga zaidi.

Nami sisemi kwa kusikia. Mwezi wa Machi fulani, kaskazi imekufa, upepo hakuna, niliotesha pojo kwa maji ya mtungi ambao sikuuliza ulijazwa wapi. Zilikuwa nzuri, nyeupe, zinalia zikitafunwa. Nilikaa siku 3 karibu na choo, na mume wangu, aliyekataa kuzionja, alinipikia uji bila kusema neno. Tangu siku hiyo pojo zangu zinapita kwenye karai.

Kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi mambo huishia hapo nilipoishia mimi. Kwa mzee mwenye sukari na kwa mjamzito, hapana. Mama kinga yake imeshachoshwa na sukari. Mjamzito ana adui wa ziada, bakteria aitwaye listeria, anayeweza kumpa mama homa ndogo tu na kumdhuru mtoto tumboni. Ndiyo maana hata Marekani mamlaka za afya zinawakataza zikiwa mbichi watu wa makundi manne: wajawazito, wazee, watoto wadogo na walio na kinga dhaifu. Nyumbani kwako mna wawili.

Dawa ni moto. Otesha pojo zako, zikifika mkia wa nusu inchi zitie karaini na kitunguu, tangawizi na bizari, koroga hadi zote zitoe mvuke, si zile za chini tu. Au zitie kwenye tui. Pojo za nazi za mbegu iliyoota zinaiva kwa robo ya muda, mkaa unaubakisha.

Ile pamba ya mizizi ya haradali huenda si ukungu. Haradali na figili huota vinyweleo vyeupe vya mizizi, vinazunguka kila mzizi kama manyoya mafupi, vimepangika. Nyunyizia maji: vikilala na kupotea, ni vinyweleo, endelea. Ukungu wenyewe ni kama utando wa buibui. Unaruka kutoka mche hadi mche, unapanda shina, ukinyunyiziwa maji unabaki, na una harufu ya kabati lililofungwa msimu wa mvua. Hiyo tupa trei nzima, usichague.

Miche ya trei hatari yake ni ndogo kuliko ya chupa, sababu inakaa kwenye hewa na mwanga, na unakata juu, mbegu na mzizi unaviacha. Ndogo, sikusema hakuna. Mbegu usizitupe kwa fungu, hewa ipite kati ya mashina, na umwagilie kwa chini, usiloweshe majani. Ukitumia makumbi ya nazi badala ya udongo, ni wazo zuri na hapa kwetu hayanunuliwi ghali, ila yaloweke kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara kadhaa kwanza. Makumbi yana chumvi, na yaliyofukiwa ufuoni yana chumvi zaidi, na mchicha ukikuta chumvi hautoki.

Kwenye mbegu uwe mkali. Haradali, uwatu na dania nunua kwenye duka la viungo, zile zinazouzwa kuliwa. Usioteshe kamwe mbegu za pakiti za duka la kilimo zilizopakwa rangi ya waridi, kijani au buluu. Rangi hiyo ni alama ya dawa ya kuua kuvu na wadudu, na mche wa siku 8 haujapata muda wa kuiacha nyuma. Pojo za guni nazo muulize muuzaji kama zimetiwa dawa ya fukusi. Maharagwe mekundu usiyale mabichi hata yakiota, yana sumu ambayo punje 4 au 5 zinatosha kumtapisha mtu, na inaisha kwa kuchemka sawasawa tu. Na mtama ulioota usiufanye kachumbari. Mche wake mchanga hutoa sayanaidi, wafugaji wanajua kwa nini hawaachi ng'ombe waingie kwenye mtama mdogo.

Sasa mama. Warfarini inafanya kazi kwa kuubana mzunguko wa vitamini K, ambayo ini linaitumia kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Daktari wake alipima damu na kupanga dozi kulingana na mboga alizokuwa akila wakati ule. Wewe ukaja na trei ya mchicha mchanga, wenye vitamini K nyingi. Vitamini ikiongezeka, dawa inalegea, damu inaweza kuganda tena. Na kinyume chake ni kibaya vilevile: akizoea kisha mkaacha ghafla, dawa inakuwa kali, anaweza kuvuja damu. Kwa hiyo sitaki mama aache mboga za majani. Nataka ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, miche hiyo itiwe sufuriani na mboga nyingine iive, na wiki hii apelekwe kupimwa INR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda, mkiwaambia wazi kwamba mwezi mzima chakula kilibadilika.

Uwatu una mawili. Unashusha sukari kidogo, hilo ni kweli, na glibenklamidi inashusha kwa nguvu. Viwili hivyo pamoja, na siku mama amekula kidogo, sukari inaweza kuanguka chini ya kiwango. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka, akiongea ovyo, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji ikiwa anaweza kumeza, kisha apimwe. Asipoweza kumeza, usimtie kitu mdomoni, kimbia hospitali. La pili ni kwamba uwatu umetajwa kuongeza nguvu ya warfarini. Punje chache za kuungia mchuzi hazina neno, ila bakuli la uwatu ulioota kila siku si kiungo tena, ni dozi. Mdogo wako naye asiutumie kwa wingi sasa. Ule wa kuongeza maziwa, wa bibi zetu, una wakati wake baada ya kujifungua, na hata hapo amuulize mkunga.

Unga wa 3,500? Mimi nisingenunua. Ukikaushwa kwa joto kimeng'enya kinakufa, na kwenye kopo huwezi kujua kimebaki kiasi gani. Kama lengo ni mtambo ule niliokueleza, haradali ya shilingi 50 na meno yako vinautosha.

Mtu yeyote nyumbani akiharisha damu, au akiharisha kisha mkojo ukapungua sana, msingoje kupambazuke. Mdogo wako akipata homa, hata ndogo, aende kliniki na aseme alikuwa akila chipukizi mbichi. Mama akitoka damu kwenye fizi bila sababu, akipata choo cheusi kama lami, au mguu ukivimba tena, ni hospitali siku hiyohiyo.

Lililobaki ni uchovu wa mama, ambao muuzaji aliusikia kabla yetu. Tembe kila siku kwa miaka 9 zinachosha, na ana haki ya kuuliza kama zinaweza kupungua. Mpeleke kwa daktari wake na maswali mawili kwenye karatasi. Moja: kwa umri wake, je, glibenklamidi bado inamfaa, au kuna nyingine isiyoangusha sukari kwa urahisi? Hiyo ni dawa ambayo miongozo mingi siku hizi inashauri wazee waiepuke. Mbili: warfarini ilikusudiwa iendelee kwa muda gani baada ya lile donge la mguuni? Kwa wengine ni miezi kadhaa, kwa wengine ni maisha, na anayejua ni aliye na faili lake. Mwambie mama jibu linaweza kuwa zuri kwake. Na ile chupa iliyonuka imwage, isuuze kwa maji yanayochemka na sabuni, kisha uianike juani mdomo chini.